Bwana Wivu Akabidhi Ufunguo wa Tangi

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mkemia wetu wa majitaka anastaafu. Kiwanda kizima cha vitambaa kinamjua kwa jina la Bwana Wivu, na mwenyewe ameomba litumike hapa.

Alipoajiriwa, maji tuliyomwaga mtoni yalifuata rangi ya kitambaa cha siku hiyo: leo mekundu, kesho buluu. Akaanza kusaga magunzi ya mahindi. Wenzake walimcheka, wakamuuliza anafuga kuku wangapi. Alichotafuta ni selulosi, zile nyuzinyuzi zinazoupa mmea uimara. Zikioshwa kwa soda kali na kusuuzwa vyema, rangi hunata juu yake na maji hupita yakiwa maangavu. Tangi lake la magunzi ndilo lililokinusuru kiwanda kisifungwe.

Shida ilikuwa kuligusa. Mtu akilisogelea tu, Bwana Wivu alitokea nyuma yake kama aliyetonywa. Ufunguo aliuvaa shingoni. Akiwa likizoni alipiga simu kuulizia tangi kabla hata ya kusalimia. Nyumbani nako moto uliwaka: mkewe, ambaye hapa anaitwa Shemeji hata na walio rika la wajukuu zake, aliyatazama mashati yenye madoa mekundu akatangaza, "Mimi nina mke mwenza, tena analala majini!"

Mwezi huu aliagizwa kumkabidhi ufunguo karani wa maabara, ndiye anayeandika haya. Kwa siku kadhaa hawakusemezana vizuri. Kisha asubuhi moja maji yakaanza kutoka mekundu. Karani alifunga bomba la kwenda mtoni, akageuka kutafuta msaada. Bwana Wivu alikuwa amesimama mlangoni, mikono mfukoni, anajing'ata mdomo.

"Tangi ni lako," alisema. "Mimi natazama tu. Lakini fanya haraka basi, naumia!"

Karani akapima. Magunzi mapya yalikuwa yamesuuzwa juujuu, soda ikabaki, na penye soda rangi ile nyekundu haishiki. Yakatolewa, yakasuuzwa upya, yakarudishwa. Maji yakatoka maangavu. Mikono ya Bwana Wivu haikutoka mfukoni hata mara moja, na wenzake wanaamini hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya hapa.

Juzi Shemeji alikuja kumsaidia kubeba vitu vyake, akataka aonyeshwe mke mwenza. Alichungulia tangini, akayakagua yale magunzi yaliyoloa.

"Kumbe ndiye huyu? Hata sura hana!"

Bwana Wivu alinuna njia nzima hadi getini.

Asante, mzee wetu, kwa maji unayotuachia. Tunakuombea afya njema na mapumziko matamu ukiwa na Shemeji, ambaye amekungoja kwa muda mrefu. Na ukipiga simu, tafadhali anza na salamu. Tangi halijambo.