Chumba cha Chini Msininunulie

Vitalis, punguza hiyo feni. Hapana, iache, ila isinipige usoni. Na wewe Ritha, mkwe wangu, njoo ukae hapa kitandani, achana na vyombo, vitaoshwa hata nikishazikwa. Nisikilizeni wote wawili nikiwa bado na pumzi, na mtu asinikatize na ule wimbo wenu wa "mama pumzika kwanza", maana kupumzika kunakuja kwenyewe na mimi sina haraka nako.

Jioni hii dalali anasubiri hela ya ile nyumba ya Mchafukoge, ya ghorofa ya chini, na tangu asubuhi moyo wangu hautulii, nikilala kulia naiona, nikigeuka kushoto naiona. Hivi mlikwenda kuitazama siku gani? Jumapili! Eti pametulia! Jumapili maduka yamefungwa, baba, siku hiyo hata mimi ningekuuzia barabara ukadhani ni uwanja wa mpira. Nimeuza mitumba ya watoto pale Mchikichini mpaka magoti yakagoma, njia zote hizi nimezipita na mzigo kichwani, na ninawaambia kwamba Jumatatu chini ya dirisha lile kuna mikokoteni, kuna malori yanashusha marobota, kuna jenereta, na mtoto akifungua mlango tu ameshakanyaga lami. Mjukuu wangu Beno atacheza wapi? Kwenye korido? Na Sefa, somo yangu yule asiyejua kukaa, mtamfungia ndani na katuni mpaka lini?

Msidhani sijui kwa nini mmeing'ang'ania. Iko chini kwa ajili ya magoti yangu, iko karibu na hospitali kwa ajili ya figo zangu, na kile chumba chenye choo ndani Ritha ameshakipimia pazia. Nimewasikia mkinong'ona, ninaumwa figo, siumwi masikio. Mkaiacha ile ya Chanika, mliyorudi mnaisifia mpaka chakula kikapoa, yenye uwanja wa kukimbia na shule upande uleule wa barabara, watoto hawavuki. Mmeiacha kwa sababu yangu, na hilo linaniuma kuliko hizi figo.

Vitalis, hukumbuki, ulikuwa unatambaa. Marehemu baba yako Leodegar aliponitoa Ndanda tulipanga Ilala, kwenye nyumba yenye uani mpana, nikaona nimepata. Mama yake akaugua, tukahamia hapa Gerezani, nyuma ya karakana, ili bibi awe karibu na matibabu. Jioni nikikuogesha maji yanatoka meusi kwa oili chafu. Ukicheka, "nyamaza, bibi anaumwa". Ukilia, "nyamaza, bibi anaumwa". Bibi wa watu hakumaliza hata mwaka, akatutoka, na sisi ndio tumebaki hapahapa mpaka umeota ndevu. Simlaumu yeye, alikuwa mgonjwa. Baba yako ndiye niliyemwekea kinyongo, na mpaka leo nikimwombea kanisani namwambia, Leodegar, hukuniuliza.

Wewe umemwuliza mkeo? Ritha, usiinamishe kichwa, sema mwanangu, mimi si polisi. Sema kwa sauti. Haya, Vitalis, umesikia? Amesema Chanika.

Basi nunueni Chanika. Lakini msiende tena Jumapili kama wageni wa harusi! Nendeni siku ya kazi, na watoto, wakati shule inatoka, na mvua ikinyesha ndiyo vizuri zaidi, mtaona maji yanaelekea wapi. Salimieni majirani mwone nani anaitikia. Hela ya kizimba changu nilichouza pale sokoni imo humo, kwa hiyo nina haki ya kupiga kelele. Cherehani ni ya Ritha, asije mtu kumwuliza. Vitenge mtunzieni Sefa. Na mimi mnizike hapahapa Dar, msinisafirishe Ndanda mkamaliza hela ya nyumba kwenye jeneza na mabasi ya waombolezaji. Wajomba watanuna, waacheni wanune, wao hawatawalelea watoto.

Nipe maji... kidogo tu. Basi.

Mungu awabariki, wanangu. Awape nyumba ambayo watoto wanapiga kelele na hakuna... hakuna wa kuwanyamazisha. Ritha, umenitunza, Mungu akutunze. Usilie, mama, utanifanya nisahau nilichotaka.

Simu. Vitalis, mpigie dalali. Sio baadaye, sasa hivi, nikisikia. Nakujua, nikifumba macho utasema mama alikuwa anaweweseka, utakwenda kulipa. Piga. Weka sauti kubwa... Haya, mwambie hamchukui. Mwambie...

Anauliza nini? Anauliza kile chumba cha mama?

Mwambie mama haji.