Filamu ya Kufungulia Banda la Gungu

Bajaji ilipoondoka Ujiji, mwalimu Ritha alikuwa amejiapiza kutoingilia maneno ya watu. Kando yake Yuliana, ambaye Jumamosi angefungua banda la video Gungu, alikuwa akimuuliza abiria asiyemjua, Mzee Kasiani, aanze na filamu ipi ili wateja wasikimbilie kwa jirani.

"Anza na mizizi," alisema Kasiani. "Ile ya kale, isiyo na rangi. Mzungu mwenye kofia anamuaga mchumba wake stesheni, anamwambia, 'Nisubiri Kalinzi, kahawa ikiiva nitakuja.' Nililia mie!"

"Watu wa Gungu wanataka karate, mzee. Machozi wanayo nyumbani."

"Karate bila mapenzi ni ugomvi tu!"

Ritha hakuwahi kuingia mabanda ya Ujiji, ambako mtafsiri hushika kipaza sauti na kuwasemea waigizaji wote. Akashindwa kunyamaza. "Samahani, mzee. Filamu ile ni bubu. Haina hata neno moja."

"Wewe uliitazama wapi?"

"Chuoni, Dar es Salaam."

Kasiani alimtazama kama anayetoa pole ya msiba. "Basi, mwanangu, waliwaonyesha mbovu."

Kabla Ritha hajajibu, bajaji ikasimama Mwanga sokoni. Dereva, aliyekuwa kimya njia nzima, akageuka na kusema kwa sauti nzito yenye majonzi: "Wa sokoni shukeni. Msilie. Kahawa ikiiva nitakuja."

Yuliana akatafuta upindo wa kanga afute macho. Kasiani akaruka nje huku akimnyooshea dereva kidole.

"Ndiye huyu! Mzungu mwenyewe!"