Mkongojo wa Bi Sidi

Kijiwe cha Galu ni benchi moja refu kando ya duka la baiskeli, na dele la kahawa chungu la Mzee Tembo. Asubuhi ile Menza alifika akibeba mkongojo usio wake. Alikuwa ametoka kumpandisha mamake, Bi Sidi, ndege ndogo ya kwenda Nairobi kutibiwa nyonga. Mkongojo walinzi wa kiwanja cha ndege waliukataza.

— Mkongojo nao ni silaha? akauliza Salimu, ambaye kijiweni huitwa Redio.

— Juzi abiria mlevi alimtandika mlinzi kwa bakora, akasema Menza. Basi leo kila fimbo marufuku.

— Ni haki yao! akadakia Musyoki, aitwaye Sajini kwa kuwa aliwahi kulinda geti la hoteli. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Ainame nani? Mamangu nyonga imekufa!

Wakacheka.

— Tangu lile bomu la Nairobi, akasema Redio, kila juma wana jipya. Mtu alikutwa na kisu ndani ya mkate, wakapiga marufuku mikate.

— Na visu? akauliza Menza.

— Visu hawakuvitaja. Kesho mtu atamrushia rubani kiatu, tutasafiri pekupeku.

— Na akimuuma? akadakia Sajini.

— Meno mtayaacha getini, mpewe risiti.

— Mbona mbuzi wanakatiza uwanjani kutwa, hawapekuliwi? akauliza Mzee Tembo.

— Wale wenyeji, mzee wangu, akajibu Sajini. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Menza alicheka kuwashinda wote. Hakuwaambia kwamba mlinzi alipoushika mkongojo, mama alimgeukia yeye mwanawe, naye akanyamaza, akichelea safari isije ikavunjika.

Hapo akapita Kavenya, muuza mbaazi, akasalimu, akaelezwa kisa.

— Poleni. Sasa akifika, atashuka ngazi akishika nini?

Sajini akakoroga kahawa isiyo na sukari. Menza akatazama jua. Ndege ilikuwa imekwisha kutua. Akakimbilia kibanda cha simu kumtafuta nduguye Nairobi, aliyepaswa kumpokea mama. Simu ikaita, ikaita, haikupokewa.

Alasiri ndipo nduguye alipopatikana, akasimulia. Mama alishuka kwa makalio, kidato baada ya kidato, abiria wakimruka. Na chini alikuwako mlinzi, amesimama, akimngoja ampekue.