Mwalimu, Pita!

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na saba ya kufundisha historia katika shule yetu hapa Rashidiya, Bi Mahfudha Thuwein anastaafu. Ubao wa chaki uliondolewa zamani, lakini yeye bado hupangusa vidole kwenye sketi kila kipindi kikiisha.

Alizaliwa Unguja, akaletwa Dubai akiwa bibi harusi. Wanafunzi wake husahau mengi, ila si somo la Wachina waliohamia Marekani. Mara ya kwanza aliacha Kiingereza, akaeleza kwa Kiswahili kwamba mkataba wa 1868 kati ya China na Marekani uliwaruhusu Wachina kuhamia kwa uhuru. Mundhir, ambaye baba yake alikuwa akihangaikia mkataba wa kazi na kafili, yaani mdhamini wa kibali chake cha kuishi, akainua mkono: "Mwalimu, ulikuwa mkataba wa miaka mingapi? Na kafili wao nani?"

Bi Mahfudha alicheka mpaka mtandio ukamdondoka.

Tangu hapo somo likawa mchezo wa mlango. Mlinzi wetu Herbert, marehemu mume wangu, alisimama mlangoni kama ofisa wa bandari, kofia imekaa upande. Wanafunzi wakapiga hodi. Mwaka 1868: "Karibuni, haya, yalla, yalla!" Mkataba wa 1880, ulioipa Marekani ruhusa ya kupunguza vibarua: "Ngojeni kwanza." Sheria ya 1882, iliyowafungia mlango: "Vibarua, khalas, mwisho!" Kelele zilifika hadi kantini. Walimu hawakuzuiwa na sheria ile, kwa hiyo Bi Mahfudha alipopiga hodi, Herbert aliinama kama mbele ya malkia: "Mwalimu, pita."

Mwaka huu tulikuwa na wasiwasi. Kibali chake cha kuishi kinakwisha pamoja na kazi, na wajukuu wake wote wako hapa. Binti yake, Lujain, aliomba awe kafili wake. Tulipomuuliza kuna habari gani, alijibu, "Mie bado niko 1880, nangoja."

Alhamisi, katikati ya somo lilelile, Lujain akapiga simu: kibali kimetoka! Bi Mahfudha alitoka nje kufuta machozi, kisha akapiga hodi. Darasa zima likasimama, likapaza sauti: "Mwalimu, pita!"

"Kafili wangu," akawaambia, "nimemfundisha mwenyewe kunawa mikono!"

Asante, dada yetu, kwa vicheko vyote. Mungu akupe afya na wajukuu wasiokuacha ulale mchana. Kofia ya Herbert bado imetundikwa pale mlangoni. Ukija kututembelea, iamkie, halafu pita.

Harriet, maktaba