Neno la Mkalimani na Ubao Uliopinda

Kaeni chini wanangu, na wewe mkalimani wa mahakama, mzaliwa wangu wa kwanza, zima hiyo simu, maana pumzi niliyobaki nayo si ya kushindana na mlio wake. Karakana ya majeneza aliyoacha baba yenu ni yangu mpaka nifumbe macho, na leo nasema nani ataishika.

Kisa mnakijua. Mdogo wenu, huyu fundi anayejificha mlangoni, alitengeneza jeneza la mwalimu mstaafu, juu vanishi ya kujitazamia sura, chini mbao zilizooza, nalo likaachia kitako mbele ya waombolezaji. Tukakaa kikao humu humu, na wewe mkalimani ukasimama kama uko mbele ya hakimu: "Mama, huyu asiikanyage tena karakana. Hii ni depraviti!" Nikakuuliza, "Ni ugonjwa au ni cheo?" Dada yenu muuguzi akaziba mdomo asicheke. Ukanijibu kwamba ndivyo Waingereza wanavyouita upotovu, tabia iliyoharibika.

Mimi shule niliishia ya msingi, lakini neno geni likiingia nyumbani mwangu nalihoji kama mkwe: kwenu wapi, na nani alikuzaa? Nikakutuma kwenye kamusi yako nene, ukarudi umenuna, ukasema asili yake ni Kilatini, neno la kitu kilichopinda, na kale kasilabi ka mbele kanakazia: kimepinda kabisa. Nikasahau hata kikohozi. Maana na sisi mpotovu tunamwita hivyo kwa kupotoka, na kupotoka si ndiko kupinda? Watu wale na sisi hatukuwahi kuombana chumvi. Tulijuaje wote kwamba ubaya una umbo, na umbo lenyewe ndilo hilo? Nani wa kwanza alimtazama mwovu akaona kitu kilichopinda? Mkalimani, ukilipata jibu, njoo unisimulie hata kaburini.

Ila aliyetaja kupinda ameingia kwenye kazi yangu. Ubao haupindi kwa hiari yake. Huegemezwa vibaya, upande mmoja jua, upande mmoja unyevu, basi ule mkavu hunywea na kuuvuta mwingine. Kwa hiyo nilimuuliza mdogo wenu aliegemea wapi. Akasema, "Mama, watu husifu vanishi. Nani huinama kuangalia kitako?" Kumbe aliegemea sifa za watu wasioinama. Jibu hilo halikumsafisha. Kilichopinda kimepinda, hata ukijua sababu. Lakini wewe mkalimani unataka kuupigilia ubao misumari ulale kwa nguvu, na misumari ikichoka ubao utaruka ukutoboe jicho. Sisi huulaza juu ya majani mabichi, upande uliobonyea ukitazama chini, mgongo ukitazama jua, na mtu hukaa akiuchunga, maana ukisahauliwa hupindia upande wa pili. Mtaniambia samaki mkavu hakunjiki. Mimi sisemi samaki, nasema ubao.

Basi shikeni haya. Ufunguo wa karakana nampa muuguzi. Jeneza langu atalitengeneza mdogo wenu, bila vanishi, nisizikwe nikimeremeta kama kabati la maharusi. Likiisha, fanyeni alivyofanya baba yenu kabla ya kukabidhi jeneza lolote: fundi aliyelitengeneza alilala ndani mwenyewe, akabebwa kuzunguka uwanja. Mkalimani, shika upande wa kichwa, na kwanza uiname ukakiangalie kitako kwa macho yako. Likiachia, heri lianguke na aliye hai, na ufunguo ubaki kwa muuguzi. Likishika, mkabidhini mdogo wenu ufunguo, na lile neno lako ulirudishe kamusini.

Msilie kwa sauti... majirani watadhani mnagombea viti. Muuguzi, niinulie mto. Hapo. Mungu awanyooshe wanangu... awanyooshe pasipo kuwavunja. Na wewe fundi, toka hapo mlangoni, sogea... usitumie vile vipimo vya jeneza ulivyonichukua mwezi uliopita. Nimepungua. Njoo upime upya.