Miezi Saba ya Asa Pruett Bila Farasi

"Katika wasifu wa Baba, hiyo miezi saba iruke, Mama. Wenzake wa kikosi wamekaa benchi la mbele."

"Baba yako alisema isomwe yote, Horace."

"Watasema tunamzika mtoro."

"Wamwambie mwenyewe, yuko hapo sebuleni, hana pa kukimbilia."

Hivyo ndivyo walivyobishana jikoni asubuhi ya leo Bibi Delphia, mjane wa marehemu, na mwanawe mkubwa, na kwa kuwa mjane hakukubali, inasomwa yote.

Marehemu Asa Pruett alizaliwa tarehe 4 Machi 1843 karibu na Mto Coosa, Alabama, akasoma majira matatu ya baridi, kisha baba yake akafariki, naye akashika plau. Tarehe 9 Oktoba 1862 alijiunga na wapanda farasi wa jeshi la Kusini, katika vita vya majimbo ya Kusini na Kaskazini, akiwa juu ya farasi wake mwenyewe, maana ndiyo ilikuwa kanuni, na farasi akifa, askari alitafuta mwingine au akahamishiwa kwa waendao kwa miguu. Alipigana miezi kumi na sita, farasi wawili wakauawa chini yake, na Februari 1864 akapewa ruhusa ya siku thelathini akatafute wa tatu.

Nyumbani alimkuta farasi jike mmoja tu, aliyelima shamba la mama yake na wadogo zake watano. Hakumchukua. Alilima, akapanda mahindi, akavuna Septemba, ndipo akarudi kikosini bila farasi, jina lake likiwa limeandikwa mtoro, akamaliza vita kwa miguu. Uzeeni alisema wazi kwamba walipigania watu wabaki watumwa, na kwamba katika miaka ile anajivunia mahindi tu.

Alimwoa Delphia Nabors tarehe 12 Desemba 1867, wakapata watoto sita, wanne wako hai. Kifua kilimwanza Novemba 1910, akafariki tarehe 17 Januari 1911.

Familia inamshukuru Daktari Meeks aliyekuja kila Jumatatu katika matope, na majirani waliotuletea mikate ya mahindi na kuni. Mzee wetu, lala kwa utulivu. Shukrani za mwisho ni za Enoch Fugate, sajini wake, aliyefika ubishi ule haujaisha, akasimama mlangoni, kofia mkononi, akasema:

"Shemeji, isomeni. Huo utoro niliuandika mimi. Jeneza nalishika upande wa kichwa, na hao wengine nimeshawaambia wajipange."