Maktaba Isiyo na Fahirisi

Ilikuwa Jumatano, saa kumi na dakika kumi alasiri. Mawingu yalikuwa yametanda tangu asubuhi na mvua haijashuka. Kwenye benchi lililo mkabala na lango la maabara ya kilimo waliketi wawili wasiokosa: Sahihisho, mwalimu mstaafu, na Majira, fundi wa saa, birika la kahawa likiwa katikati yao. Dada Koti, mtaalamu wa maabara, alitoka kupumzisha macho kwa dakika kumi, akatamka jambo moja lililowasha mjadala: anapekua maktaba ya muhogo.

— Muhogo una maktaba, alisema Majira, na mtaa mzima huu hauna.

— Tena wameiweka kwenye jokofu, alisema Sahihisho. Vitabu vya muhogo vikipata joto vinachacha.

— Hayo nayo ulisomea wapi, mwalimu?

— Nilikosomea hawakuuza saa mbovu.

Dada Koti aliweka kikombe chini.

— Sikilizeni, kaka zangu. Shamba la mama yangu lilipooza lote kwa ugonjwa, mche mmoja ulibaki mzima. Maandishi yote ya urithi wa mche huo tumeyakatakata, kila kipande tukakipachika ndani ya bakteria mmoja. Akizaana, anakinakili na kipande chake, mpaka linatokea doa kwenye sahani. Doa moja, kitabu kimoja. Sahani arobaini, madoa elfu arobaini.

— Kumbe bakteria ni karani, alisema Majira.

— Karani asiye na mshahara, alisema Sahihisho. Huyo atagoma tu.

— Akigoma, mihogo itaota imesahau kwamba ni mihogo.

— Itaota soli za viatu. Fahirisi yenu iko wapi, binti?

— Haipo, mwalimu. Napitisha juu ya madoa kipande cha jeni chenye alama, kilichotoka kwenye mmea ulio jamaa ya muhogo. Kinanata pale tu maandishi yanapolingana. Natafuta jeni lililouokoa ule mche. Ijumaa saa sita mchana jokofu linapewa mradi mwingine, na sahani zote zinatupwa.

Hapo hakuna aliyetania. Mlinzi mpya wa lango, aliyekuja kujaziwa kikombe, aliuliza kwa upole:

— Samahani, dada. Hicho kitabu kimo humo kweli?

Majira aliinamisha birika juu ya kikombe cha mlinzi; lilitoa matone mawili.

— Kwa hesabu yetu, alijibu Dada Koti, kimo mara tisini na tisa kwa mia.

— Na ile moja?

Dada Koti alisimama, akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja, kuanzia cha chini.

— Ile moja nitaijua nikizimaliza sahani zote.

— Umefikia ya ngapi? aliuliza Majira.

— Thelathini na moja nimeshazipitia.

Alivuka barabara. Majira alitazama saa yake, kisha mlango wa maabara uliokuwa ukijifunga.

— Zimebaki tisa.